Garanti ya Miezi Sita

Busia, Jumapili 3 Machi 1957

Daftari hili aliniachia binti yangu Madina alipoolewa Mumias mwezi uliopita. Kurasa tatu za mwanzo zina hesabu zake za shule. Zilizobaki nimezichukua mimi, maana nyumba imekuwa kimya na nisipozungumza na mtu nitazungumza na karatasi.

Mume wangu Badiru si mtu wa maneno tena. Zamani akirudi kutoka msituni alikuwa hali mpaka anieleze mti uliangukia wapi na mwenzake wa kazi, Okochi, alisema nini. Siku hizi namuuliza jambo, anaitikia kwa kichwa, anaendelea na sahani yake. Naona ni ule msumeno wa moto, wa injini ya petroli, uliomgeuza. Miaka kumi na tisa alipasua mbao kwa msumeno wa shimo, yeye juu ya gogo, Okochi chini shimoni akimeza vumbi, na walikuwa watu wa kicheko. Desemba tarehe kumi akanunua mashine kwa Bwana Ramji wa Tororo, ya kwanza kuonekana huku mpakani. Shimo bado linapasua mbao, lakini mashine ndiyo inayoangusha mti na kukata magogo. Watu walikuja kutoka Dabani kuitazama kama bibi harusi. Tangu hapo amekuwa mkubwa, hana habari na mimi.

Ijumaa 8 Machi

Mvua imeanza. Leo nimesaga mahindi ya watu kumi na mmoja. Mashine ya kusaga imefanya kazi vizuri ila mkanda unataka kubadilishwa.

Jumanne 12 Machi

Mwalimu Benedeta amekuja kutoka shule yao, njia ya Dabani. Upepo wa Februari uling'oa paa la madarasa mawili na wanakijiji wamechangishana kulipa mbao. Badiru amepewa kazi hiyo: mivule miwili, kibali kimeshatoka. Benedeta alimwomba mbao ziwe tayari kabla muhula haujaisha, kwa sababu watoto wanakaa chini ya turubai na mvua ikija anawarudisha nyumbani.

Badiru alikuwa akimtazama mdomoni alipokuwa anasema. Benedeta ni msichana mzuri. Nimeona, nimenyamaza.

Jumamosi 16 Machi

Msumeno unasumbua. Badiru anasema ukiachiwa upumue bila kukata, hautulii, unapanda wenyewe kama mtu mwenye homa. Anailaumu petroli. Nilimwuliza kama anachanganya oili ile chupa moja kwa kumi na sita. Akasema ndiyo, mvua itanyesha.

Sikumwuliza habari za mvua.

Alhamisi 21 Machi

Leo nimeumia.

Nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, naye uani na bisibisi anarekebisha kabureta. Mimi mashine naijua kwa sikio. Ile ya unga ni ya marehemu baba mkwe, na tangu mzee afariki ni mimi ninayeifungua na kuifunga. Hii ya Badiru ni ndogo na inakunywa petroli, lakini injini ni injini. Skrubu ya petroli ukiifungua sana, inakohoa na kutoa moshi. Ukiikaza sana, inapata hewa nyingi na petroli kidogo, na oili iliyo ndani ya petroli inapungua pia. Hapo inalia nyembamba, inachemka, na pistoni inababuka. Katikati kuna mahali pake. Nilisikia Badiru anapafikia, anapapita, anaendelea kukaza, mpaka mlio ukawa kama wa mbu.

Nikatoka, nikasimama mlangoni nyuma yake. Nikamwambia amepita, arudishe nusu mzunguko. Hakugeuka. Nikarudia. Akazima mashine, akaweka bisibisi mfukoni, akaenda kunawa. Jirani yetu Mastula alikuwepo na mahindi yake, akainamisha macho kwa kunionea aibu.

Kama hataki mke amfundishe kazi, aseme. Mtu hupitwa kama jiwe?

Jumatano 27 Machi

Okochi amepita hapa peke yake, akasimama nje akisugua kofia. Ni Msamia, ananiita shemeji tangu nilipoletwa nyumba hii. Alisema, "Shemeji, juzi tawi ilikatika juu. Mimi naita, naita, yeye nakata tu. Nikamkamata na shati, tukaanguka sisi wawili kwa matope. Ile tawi ilikuwa na ukubwa ya ng'ombe."

Nikamwambia mashine ina kelele, nani atasikia. Akasema mashine ilikuwa imezimwa. Kisha akaaga haraka, kama aliyesema zaidi ya alivyokusudia.

Jumanne 2 Aprili

Siku ya kwanza ya Ramadhani. Mvua tangu asubuhi.

Jumamosi 6 Aprili

Msumeno umekwama. Mvule wa kwanza haujaanguka, umekatwa nusu, na injini haizunguki hata kwa kamba. Badiru ameubeba begani kutoka msituni, akauweka mezani mahali pa chakula, akakaa mbele yake mpaka saa ya kufuturu. Hakugusa uji. Nilimwekea tende mkononi akaila bila kuitazama.

Jumanne 9 Aprili

Tumekwenda Tororo kwa lori la shemeji Wahabi. Badiru alitaka niende kwa sababu baba yangu alikuwa karani wa boma Mumias na alinifundisha kusoma Kizungu. Karatasi ya garanti imeandikwa Kizungu. Ndani ya lori nilimsomea: kampuni inatengeneza bure kila kilichoharibika kwa ubaya wa chuma au wa kazi ya kiwandani, kwa miezi sita. Mpaka tarehe kumi Juni. Nilijisikia vizuri kuisoma.

Bwana Ramji si mtu mbaya. Alitukaribisha, akakumbuka kwamba tumefunga, akaficha birika la chai nyuma ya kaunta. Alimwita fundi wake, Ecweru, Mtesoti mrefu mwenye mikono myeusi hadi kiwiko. Akaifungua silinda mbele yetu. Pistoni ilikuwa imechubuka upande mmoja kama goti la mtoto.

Bwana Ramji akageuza ile karatasi upande wa nyuma, maandishi madogo ambayo sikuyaona: garanti inakufa kama kabureta imeguswa na mtu asiye fundi wa wakala. Akatuonyesha rangi nyekundu ya kiwandani juu ya skrubu, imepasuka. Alisema kampuni Nairobi hawatamrudishia hata senti, na yeye ana duka dogo.

Ecweru alikuwa ameinama bado. Akageuza skrubu kidogo, akahesabu mizunguko, akatikisa kichwa. Hakusema kwa ubaya, alisema kama daktari:

"Mtu mwenye alifunga hii, labda alikuwa mlevi, labda haiko nasikia."

Badiru alikuwa amesimama pale, hatua mbili. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mtu amemwita mlevi au kiziwi mbele ya mke wake, naye anatazama ukutani.

Nikaona yote kwa mara moja: mvua itanyesha, Benedeta na macho mdomoni, tawi la Okochi, mlangoni siku ile. Ecweru ametuahidi kulainisha pistoni kwa mkono wake na kutupa ringi mpya, tuichukue wiki ijayo, kwa wema wake tu. Garanti hakuna.

Jumatano 10 Aprili

Nataka kuandika hili sawasawa.

Asubuhi Badiru alikuwa uani ameketi kwenye kigoda akitia udhu. Nilisimama nyuma yake hatua tano, nikamwita jina lake. Jina lenyewe, si Baba Madina. Sijawahi kumwita hivyo mbele ya watu. Hakugeuka. Nikasogea, nikaita tena. Nikasogea mpaka ningeweza kumgusa, nikasema polepole, "Badiru, nilidhani umenichoka." Akaendelea kuosha mguu wa kushoto, vidole kimoja kimoja.

Nilimgusa bega. Akageuka, akaniona nalia, akaelewa. Hakuuliza ninalia nini. Akasema, "Umejua lini?"

Nikaketi chini mbele yake, anione mdomo. Nikamwambia jana.

Akanieleza. Ile homa ya mwaka juzi iliyomlaza mwezi mzima ndiyo iliyoanza. Kwanza ndege walinyamaza. Halafu watoto. Msumeno ukamalizia kilichobaki. Sauti nene za wanaume anazisikia bado kama mtu anayesema chumba cha pili, na midomo amejifunza kuisoma kidogo.

"Nyembamba ndizo zilizokwenda mwanzo," akasema. "Katika nyumba hii, sauti yako ilitangulia."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akafuta maji miguuni. Akasema alifikiri akiitikia kwa kichwa itatosha. Akasema yeye ana miaka arobaini na minane, mtoto ametoka nyumbani, na aliogopa nitaona nimebaki na mzee. Na ya pili, nani atakubali kusimama chini ya mti na mkataji asiyesikia.

Kisha akaniambia habari ya skrubu. Injini inapolia nyembamba, kwake mlio unafifia. Alikuwa anakaza mpaka kelele inapungua, akidhani imetulia.

Mwezi mzima nimemwandika vibaya humu. Nilitaka kuzichana zile kurasa. Nimeziacha, ziwe adhabu yangu.

Alhamisi 11 Aprili

Badiru mwenyewe amekwenda kwa Okochi kumweleza. Amerudi anacheka, nami nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwaka uanze. Okochi alijua tangu Krismasi. "Kwa nini unafikiri mimi nasimama mbele yako kila saa?" alimwambia. "Nafikiri napenda sura yako?"

Ijumaa 19 Aprili

Mvua, mvua. Wamerudia shoka kwa mvule wa kwanza, ukaanguka salama, sasa wanakata magogo kwa msumeno wa mikono. Benedeta ametuma barua fupi na ya heshima. Watoto wawili wana kifua.

Jumamosi 20 Aprili

Msumeno tumeurudisha nyumbani kutoka Tororo. Leo nimeutengeneza mimi. Badiru aliushika, mimi bisibisi. Nilifungua skrubu, nikatafuta mahali pake, nikapaona. Mlio ukawa mnene, mzuri. Nikafurahi. Kabla sijaweka bisibisi chini ukaanza kupanda tena wenyewe.

Nikafungua zaidi. Ukatulia, ukapanda. Mara sita. Sasa nashangaa. Kama kosa lilikuwa la sikio la Badiru tu, sikio langu lingelimaliza. Mashine ya unga iliwahi kufanya hivi, mwaka ule gasketi ilipopasuka ikawa inavuta hewa pembeni. Mashine inayovuta hewa pembeni haitengenezeki kwa bisibisi hata ukae nayo mpaka Idi.

Jumatatu 22 Aprili

Nimekoroga sabuni ya mche na maji kidogo, nzito kama ugali wa mgonjwa. Injini ikiwa inapumua, nimepaka kila mahali inapoungana: chini ya kabureta, hakuna kitu. Shingoni mwa silinda, hakuna kitu. Nikapaka ubavuni, chini ya tumbo la injini, mahali pasipo na kiungo chochote, chuma kitupu chenye rangi ya kiwandani. Mlio ukashuka hapo hapo, ukatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Sabuni ilipokauka ukapanda. Nikapaka, ukashuka.

Nimefuta na kutazama kwenye jua. Kuna kipele kwenye rangi, na katikati yake tundu dogo kuliko la sindano. Chuma kilitoka kwenye moto wa kiwanda na kasoro ndani yake, wakakipaka rangi, wakakiuza. Badiru alikaza skrubu kupita kiasi, ni kweli. Lakini asingeigusa kabisa kama mashine ingekuwa nzima.

Nilimwonyesha. Alipitisha kidole juu yake mara nyingi.

Jumatano 1 Mei

Idi. Madina amekuja na mumewe. Nimemweleza habari ya baba yake. Alikwenda akaketi mbele yake, magoti yakigusana, wakazungumza mpaka pilau ikapoa.

Jumatatu 6 Mei

Tororo tena.

Njiani nilimpanga Badiru. Nilimwambia tuonyeshe tundu tu. Habari ya skrubu tuseme ilijizungusha yenyewe kwa mtikisiko, Bwana Ramji hawezi kuthibitisha vinginevyo. Alinitazama mdomo, akaelewa kila neno, akageukia njia.

Dukani niliomba waiwashe. Bwana Ramji aliona mwanamke amebeba bakuli la sabuni akatabasamu kwa adabu. Ecweru aliwasha. Nilipaka. Mlio ukashuka. Ecweru aliacha alichokuwa akifanya, akainamisha kichwa, akaniambia nifute. Ukapanda. Akachukua sabuni kwa kidole chake mwenyewe, akapaka, ukashuka. Akazima.

"Bwana," akamwambia tajiri wake, "hii tundu nazaliwa nayo. Rangi ni ya kiwanda. Hakuna mtu huku iko na rangi kama hii."

Bwana Ramji alivaa miwani, akatazama kwa muda. Akasema tundu anakubali. Lakini Nairobi watauliza habari ya skrubu, na lazima aandike ukweli kwenye barua. Iliguswaje?

Nilifungua kinywa. Badiru akaniwekea mkono kwenye mkono.

"Niliikaza mimi," akasema. "Mimi sisikii vizuri, Bwana. Mashine ilikuwa inapanda, nikajaribu kuishusha, sikujua nimepita. Andika hivyo hivyo."

Alisema kwa sauti kubwa kidogo, kama wasiosikia wanavyosema, na duka lilikuwa na wateja wanne. Wote waligeuka kumtazama. Nilitazama kaunta. Mtu aliyeficha jambo hili kitandani kwake amelisema mbele ya wateja wa misumari na rangi, na angeweza kusema uongo wangu mdogo akatengenezewa yote bure.

Bwana Ramji alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. Akamsogelea, akamtazama usoni ili amsome. Alisema ataandika kwamba mteja aligusa skrubu kwa sababu mashine ilikuwa na kasoro ya kiwanda tangu siku ya kwanza, na kwamba huo ndio ukweli. Tumbo la injini na silinda ataziomba bure. Pistoni tulipe wenyewe, kwa sababu ile ilichubuliwa na skrubu. Badiru akasema ni haki.

Kwenye lori nilimwomba radhi kwa nilivyotaka aseme. Hakunisikia, barabara ilikuwa mbaya. Nikamshika uso, nikamgeuza, nikarudia. Wahabi alijifanya anatazama njia.

Jumanne 14 Mei

Hakuna habari kutoka Nairobi. Mvua.

Jumatano 22 Mei

Hakuna habari. Benedeta amekuja mwenyewe. Sasa najua kwa nini Badiru anamtazama mdomo, nikamwambia Benedeta asimame kwenye mwanga na aseme taratibu. Amesema watoto thelathini wamebaki kwenye turubai, wengine wazazi wamewazuia. Hakutulaumu. Nilimpa unga.

Jumatatu 27 Mei

Kijisanduku cha Nairobi kimefika Tororo kwa treni. Ecweru amefunga vyuma vipya, na Bwana Ramji ametuletea salamu kwamba skrubu imeachwa bila rangi nyekundu, "mama wa sabuni aiweke anavyotaka."

Jumamosi 1 Juni

Leo tumekwenda msituni watu watatu kwa mvule wa pili. Badiru hakutaka niende, Okochi akataka. Wamekubaliana utaratibu: kamba nyembamba imefungwa kiunoni mwa Badiru, ncha anayo Okochi amesimama pembeni anapoona juu. Akivuta mara moja, simama. Mara mbili, kimbia kulia. Walijaribu na mashine imezimwa, mara ishirini, wazee wawili wakikimbia matopeni kama watoto. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha Badiru akauwasha msumeno. Nilichukua bisibisi, akaniashiria kwa kichwa kwamba nianze. Lakini alikuwa na wazo lake. Alivua glavu, akaweka kiganja wazi juu ya mpini wa mbele kupima mtetemo, akafumba macho.

Niligeuza polepole. Nilipita kidogo upande wa moshi, nikarudi. Mlio ukanenepa, ukakaza, ukasimama mahali pake. Nilitaka kumgusa nimwambie. Kabla sijanyanyua mkono, midomo yake ilisema, "Hapa." Nami nilikuwa nasema neno hilo hilo.

Akafumbua macho, akaniuliza kwa uso kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akaomba niiharibu makusudi, turudie. Tukarudia. Mara ya pili alikosea. Ya tatu akapata, na ya nne, na Okochi alikuwa ameketi juu ya gogo na kamba yake mkononi, hana haraka.

Mti ulianguka saa saba mchana. Okochi alivuta kamba mara mbili bila hatari yoyote, ili aone tu kama ataitikia, na mume wangu alikimbia kulia.